Bado Walikuwa Wanakutafuta

Kwako dada Nekesa,

Leo ni siku yangu ya mapumziko. Nimekaa kitandani hapa Deira, katika chumba kilekile tulichokuwa tukilala pamoja na wale wasichana wa Kampala. Kitanda chako cha chini sasa anakilalia msichana mwingine, mpole, anayefanya kazi ya kutengeneza kucha. Hajui kwamba mwenye kitanda alifariki. Hukufia hapa, kwa hiyo sikuona haja ya kumwambia.

Nimekuja kukupa habari za kesi yako. Imekwisha. Najua utashangaa, kwa sababu wewe uliondoka nyumbani ukijua imekwisha zamani, na sisi sote tulijua hivyo. Haikuwa imekwisha. Kwa muda wote uliokuwa hapa Dubai ukitandika vitanda vya wageni, na hata baada ya kuzikwa, korti ya kaunti yetu ilikuwa imetoa hati kwamba ukamatwe popote utakapoonekana.

Kisa chenyewe wewe ndiye uliyenisimulia, na hakuna aliyekisimulia vizuri kuliko wewe. Simiyu, mumeo, alikuwa hajatimiza mwaka kaburini wakati mdogo wake Masinde alipochimbia nguzo katikati ya shamba lako la mahindi, akavuta seng'enge, akasema upande wa mtoni ni wake. Ukamwambia aziondoe. Akakujibu kwamba mambo ya mipaka anazungumza na wanaume. Asubuhi yake ukaingia shambani, ukazing'oa nguzo zote, ukazibeba mpaka kwake, ukazipanga mlangoni kama kuni.

"Nilizing'oa kama mihogo," uliniambia siku moja tukisonga ugali katika lile jiko tunalogombania na watu wa vyumba vyote. "Na mahindi yalikuwa yamenifika kiunoni. Nilipita katikati yake polepole nisiyavunje. Hata hasira yangu ina adabu."

Ulicheka mpaka mwiko ukakuponyoka. Mimi pia nilicheka. Wakati huo nilikuwa nacheka.

Masinde akakushtaki kwa kuharibu mali. Ukapelekwa kortini, na Khocha Barasa, mjomba wetu, mdogo wake mama, akasimama kuwa mdhamini wako. Kabla ya siku ya kusikizwa, chifu akawaita wewe na Masinde ofisini kwake, mkakaa, mkapatana. Mlikwenda wenyewe mkazichimbia nguzo upya katika mpaka wa zamani, Masinde akishika, wewe ukipiga nyundo. Chifu akawaambia, "Mambo ya kortini niachieni mimi." Mkamwachia. Halafu akahamishwa, na hakuna mtu aliyekwenda kuiambia korti kwamba watu wamepatana. Siku ya kesi jina lako likaitwa, hukuwepo. Wakati huo ulikuwa huku Dubai, Al Mankhool, umevaa sare ya hoteli, unajifunza kukunja taulo kwa umbo la bata.

Baadaye ukanitafutia kazi, nikakufuata. Ulikuja kunipokea uwanja wa ndege na andazi limefungwa ndani ya tishu za hotelini. Siku iliyofuata ukanipandisha metro mpaka Jumeirah Lakes Towers, ukanionyesha jengo ambalo ningekuwa mlinzi wake, ukanizungusha ziwa lote kwa miguu katika jua lile. Ukaniambia, "Ukipotea, uliza metro iko wapi. Usiulize nyumbani kuko wapi. Hapa hakuna anayejua nyumbani kwako." Maneno hayo ndiyo niliyoyatumia kuishi mji huu.

Ya kufariki kwako sitayarefusha. Ulianguka kwenye ngazi za wafanyakazi ukiwa umebeba mashuka. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani, kwamba hukuteseka. Nikaitwa nikakutambue. Nikakutambua. Nikaambiwa nitie sahihi hapa na hapa, nikatia. Mtu wa ubalozi aliniuliza kama kuna jamaa wa kuja kukaa nami, nikamwambia mimi niko sawa, na nilikuwa sawa kweli. Ni kama mtu alikuwa amezima swichi. Tangu siku hiyo nakula, nafanya kazi, nasalimia wapangaji wa jengo kwa majina yao, na sisikii kitu.

Mwili wako ulikwenda nyumbani na mimi nikabaki. Viza yangu ilikuwa katikati ya kubadilishwa, singeweza kutoka. Kina Masinde wakasema usizikwe kwao kando ya Simiyu. Mama hakubishana nao. Alisema tu, "Basi nileteeni, nitamzika mwenyewe." Mazishi yako niliyatazama kwenye simu, nikiwa nimesimama nyuma ya jengo karibu na mapipa ya taka, kwa sababu hapo ndipo mtandao ulikuwa mzuri. Uliposhushwa kaburini picha ikaganda. Iliporudi, watu walikuwa wanakwenda kula.

Mwaka ukapita na zaidi. Siku moja mchana nikiwa mapokezi, mama akanipigia. Mama hanipigii saa za kazi.

"Wamemchukua Khocha," akasema.

"Nani?"

"Polisi. Wanamtafuta Nekesa."

Nilidhani mama amechanganyikiwa. Nikamwambia ampe simu yeyote aliye karibu, akampa askari mwenyewe, kijana mgeni katika kituo chetu, mwenye adabu.

"Madam, huyu mzee alimdhamini mtu, na mtu hakufika kortini. Kuna hati."

"Huyo mtu alifariki."

"Kila mtu ninayemtafuta huku amefariki, madam. Wengine nawakuta Nairobi wanauza nguo."

"Kaburi lake liko hapo hapo uliposimama. Geuka ulione."

Nadhani aligeuka. "Pole," akasema. "Lakini kaburi siwezi kulibeba nikalipeleka kwa hakimu. Leteni cheti."

Khocha alilala kituoni. Unajua sukari yake, unajua anavyopaswa kula kwa saa. Kesho yake hakimu akamwachilia kwa muda, akamwambia arudi na mshtakiwa au arudi na uthibitisho, la sivyo atakaa ndani yeye. Mama alipomtembelea alimkuta amekaa mlangoni na kabuti lake, kama mtu anayengoja gari. Khocha aliniambia kwenye simu, "Mwanangu, mimi siwezi gereza. Nitakwenda lakini siwezi."

Cheti cha kifo kilikuwa kwangu, ndani ya sanduku langu, chini ya kitanda. Nikapiga simu kortini kila siku mpaka mtu akapokea. Akasema picha haitoshi. Wanataka karatasi yenyewe, na mtu aliyekuwa karibu na marehemu aje aape.

Nikamwendea Bwana Hamadi, msimamizi wetu, yule Mtanga uliyekuwa ukimtania kwamba anaongea kama redio. Nikamweleza yote. Hakuniuliza hata swali moja. Akaenda mwenyewe kwa madam, mkubwa wetu wa kazi, na aliporudi akanisimulia. Madam alisema, "Dada yake si alikufa mwaka jana? Khalas, yamekwisha. Sasa anakwenda kufanya nini?" Na Bwana Hamadi akamjibu, "Anakwenda kumtoa mahakamani, madam."

"Amekubali," akaniambia. "Nenda mdogo wangu. Na ukifika, kaa na mama. Usiwe na haraka ya kurudi kulinda mlango wa watu."

Nikafika nyumbani. Mama hakunikumbatia. Alinipokea begi, akatangulia, na badala ya kuingia ndani akapita kando ya jiko mpaka kwenye migomba. Hapo ndipo ulipo. Wameweka saruji na msalaba, na jina lako limeandikwa kwa rangi nyeusi na mtu mwenye mwandiko mzuri. Nikasimama. Mama akanitazama, akingoja. Alikuwa na leso mkononi, nadhani aliishika kwa ajili yangu. Nilitazama rangi, nikaona imeanza kubanduka kwenye herufi ya kwanza. Nikawaza nitafute rangi ya mafuta. Hilo tu ndilo nililowaza.

Baada ya muda mama akasema, "Maji ya kuoga yako jikoni."

Masijala ya korti ni chumba kimoja cha nyuma, na karani wake ni mama wa makamo aliyevaa sweta siku ya joto. Nikamtajia jina lako. Akatafuta, hakuona. Akauliza kama nina hakika ni korti hii. Khocha akasema ana hakika, yeye ndiye aliyeletwa hapa na pingu. Karani akatuambia turudi baada ya chakula. Tuliporudi alikuwa ameketi sakafuni kati ya mafaili, na faili lako liko mapajani mwake. Walikuwa wameliandika Nakesa.

"Ndiyo maana hawakuja kwenu mapema," akasema. "Hati ya kwanza ilitoka na jina hili, na huko kwenu hakuna aliyejua ni nani. Ya pili ndipo wakaongeza jina la mdhamini."

Kwa hiyo herufi moja ndiyo iliyokulinda, dada. Ilikuficha mpaka ukafa.

Karani akatuambia tuje Alhamisi. Alisema hakimu ametenga asubuhi hiyo kwa watu wenye hati wanaojileta wenyewe. Hawakamatwi mlangoni, wanasikizwa, hati zinaondolewa au wanapewa siku nyingine. Akaniambia nitafute jirani mmoja wa kuapa pamoja nami. Halafu akafuta vumbi la faili lako kwa mkono wa sweta, akasema, "Pole, mama. Hata sisi hatukujua."

Alhamisi benchi la nje lilijaa. Walikuja watu wa kila namna. Mwanamume mmoja alisema siku ya kesi yake daraja lilikuwa limechukuliwa na maji, na mwaka wote amekuwa akilala kwa dada zake kwa kuogopa. Kando yangu alikaa mama mmoja wa kupika chang'aa, ile pombe haramu, mnene, mchangamfu, ambaye ungempenda.

"Wewe yako ni ya nini?" akaniuliza.

"Si yangu. Ni ya dada yangu."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Alifariki."

"Basi yeye ameponyoka," akasema. Kisha akaona uso wangu, au akaona hauna kitu, akanishika goti. "Samahani mwanangu. Mdomo wangu huu ndio ulionileta hapa." Hakuuondoa mkono wake mpaka tulipoitwa.

Waliita jina lako kwa desturi yao. Askari wa korti alitoka mlangoni, akalipaza mara tatu kuelekea uwanjani, kama mtu anayeita mtoto aliyekwenda kucheza. Alilisema sawasawa, Nekesa, kwa sababu karani alikuwa amelisahihisha. Watu wote wakageuka kutazama ni nani atakayeinuka. Dada, mimi pia niligeuka. Nilitazama ile njia ya kutoka barabarani, nikaitazama mpaka Khocha akanivuta mkono.

Hakimu ni mwanamke mdogo, labda wa umri wako. Akauliza, "Wewe ndiye mshtakiwa?"

"Hapana, mheshimiwa. Mimi ni mdogo wake."

"Mshtakiwa yuko wapi?"

Nilikuwa nimejipangia maneno tangu kwenye ndege. Niliyoyatoa hayakuwa hayo. Nilisema, "Yuko nyumbani kwa mama."

Kiongozi wa mashtaka akainua kichwa. Hakimu akaniangalia. "Kama yuko nyumbani, kwa nini hakuja?"

"Amezikwa huko, mheshimiwa."

Akaweka kalamu chini. Nikatoa cheti. Alikigeuza upande wa Kiarabu, akakigeuza upande wa Kiingereza, akakisoma polepole mpaka mwisho. Akaniapisha. Aliniuliza kama niliuona mwili wako mwenyewe, nikasema niliuona. Akaniuliza nilijuaje kuwa ni wewe. Nikasema nilijua, mheshimiwa, ni dada yangu. Hakuuliza tena. Jirani yetu akaapa kwamba alikuwepo ulipozikwa.

Ndipo mtu akasimama nyuma. Alikuwa Masinde. Korti ilikuwa imempigia simu kwa kuwa ndiye mlalamishi, na mimi sikuwa nimemwona akiingia. Amekonda. Alikuwa amevaa koti la Simiyu, lile la kijani.

"Mlalamishi, una neno?"

"Tulipatana, mheshimiwa," akasema. "Kabla hajasafiri. Nguzo alizirudisha, tukazichimbia pamoja. Mimi sikuwa na kesi naye tena."

"Na kwa nini hukuja kuiambia korti?"

"Nilidhani chifu alisema."

"Kila mtu alidhani kuna mtu aliyesema," hakimu akasema, si kwa ukali. Akaandika. Akasoma alichoandika: hati zote mbili zimeondolewa, mdhamini ameachiliwa, kesi imefungwa kwa kifo cha mshtakiwa. Akaongeza, "Poleni." Askari akaita jina la mtu mwingine, na yule mama wa chang'aa akainuka akijifunga leso kiunoni kama anayekwenda kulima.

Nje Khocha alivua kofia akalia. Alilia kwa sauti, mzee mzima, ameegemea ukuta wa korti, akisema "Nekesa, Nekesa, mwanangu." Mimi nilimshikia kabuti. Nilikuwa namtazama kama unavyomtazama mtu anayeongea lugha uliyowahi kuijua.

Masinde akatufuata mpaka getini. Aliniita shemeji. Akauliza kama anaweza kuja kukuona. Nikamwambia akamuulize mama.

Akaja kesho yake, kwa miguu. Mama alikuwa anachambua maharagwe uani. Akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwambia, "Kaburi liko pale. Hata ng'ombe wa jirani hupita, sembuse wewe."

Akaenda. Nilimwona amechuchumaa anang'oa nyasi pembeni mwa saruji, moja moja, na kuzikusanya kiganjani. Aliporudi mama alikuwa amemwekea kiti na kikombe cha chai. Alikaa muda mrefu bila kunywa.

"Nilikataa azikwe kwetu kwa sababu ya aibu, mama," akasema. "Niliona watu watasema nilimfukuza kwa kesi, akaenda kufia ughaibuni, kisha naja kumzika mbele yao."

"Walisema," mama akajibu.

"Ndiyo. Walisema hata hivyo."

"Shamba lake unalilima?"

"Silimi. Limekaa tu. Sijavuka nguzo."

Mama akaendelea na maharagwe yake. Halafu akamwambia alilime, kwa kuwa shamba likilala linaota magugu, na kila mavuno awaletee watoto wa shule wale wa senge, shangazi yetu, gunia, yeye hataki chochote. Masinde akasema ndiyo. Mama akasema, "Kunywa chai, inapoa." Akainywa ikiwa baridi.

Nimekueleza yote kama yalivyotokea, bila kuongeza wala kupunguza. Khocha yuko huru. Analala kwake, anakula kwa saa, amerudi kupiga kelele kanisani kwaya ikikosea. Rangi ya msalaba nimeipaka upya. Mama hajambo.

Mimi nimerudi kazini. Bwana Hamadi aliniuliza, "Umemtoa?" Nikamjibu nimemtoa. Akaniambia alhamdulillahi, akanipangia zamu ya asubuhi ili nisikae peke yangu jioni, lakini hata jioni si kitu. Nakaa pale mapokezi, mlango unafunguka, unajifunga, watu wanaingia na kahawa zao. Nilitarajia kwamba nikishamaliza mambo yako, nikishaliona kaburi, kitu kitafunguka kifuani. Hakijafunguka. Sisemi kwa kulalamika. Nakwambia tu hali ilivyo, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukiniuliza.

Ila kuna jambo moja ambalo sikumwambia hakimu wala mama. Sisi sote tulikuwa tumeacha kukungoja, dada. Mama alikuwa amegawa nguo zako. Mimi nilikuwa nimefuta namba yako, kwa sababu ilikuwa imepewa mtu mwingine, Mhindi fulani mwenye picha ya gari. Mahali pekee duniani palipokuwa pakisema bado uko, kwamba uko mahali fulani na unaweza kuonekana, na kwamba atakayekuona akulete, palikuwa ni pale kortini. Hakimu alikuwa ametia sahihi. Kulikuwa na askari aliyetoka asubuhi, akavaa viatu, akaja mpaka nyumbani kwetu kuuliza uko wapi. Na mimi nikatoka huku mbali kwenda kuwaomba waache. Nilipokuwa naapa, mkono juu, ulimi wangu ukisema amefariki, moyoni nilikuwa nawaambia: endeleeni kidogo, labda ninyi mtampata.

Hawatakutafuta tena. Nimesikia kwa masikio yangu jina lako likifungwa.

Basi pumzika, Nekesa. Ukilala, lala kabisa. Hakuna anayekuita.

Ni mimi, mdogo wako,
Deira, Dubai